Singa Safi za Mgogozi

Filipo Lupakisyo alizaliwa katika shamba la mkonge la Mgogozi, kwenye uwanda ulio kati ya mji wa Kilosa na Kimamba, naye alikuwa mtoto wa manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali. Baba yake alitoka Rungwe akiwa kijana, akaandikishwa na wakala wa kazi, akapewa kipande na chumba kambini, akafikiri kwamba angekata mkonge miaka miwili mitatu kisha arudi kwao na ng'ombe wa kuolea. Hakurudi. Alioa hapo hapo, akazaa hapo hapo, na akazikwa nyuma ya kambi katika mwaka ambao mwanawe alikuwa Ulaya, akisomea namna maji yanavyoingia ndani ya vitu vinavyoonekana vikavu.

Filipo alirejea nchi ikiwa katika mwaka wake wa pili wa Uhuru, akiwa na shahada ya udaktari katika fizikia ya kemia na sanduku la mbao lililojaa vyombo vya kioo vilivyozungushiwa pamba. Dada yake Raheli, aliyembeba mgongoni utotoni, alikwenda kumpokea stesheni ya Kilosa pamoja na mumewe, Kondo. Kondo alikuwa mzaliwa wa Masanze, fundi wa korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kuziacha singa zake, zile nyuzi za ndani, zikining'inia nyeupe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, daktari wetu. Ukifika nyumbani umwangalie mtoto wa jirani yangu Domina, homa haimwachi tangu Jumapili."

"Dada, mimi si daktari wa watu."

"Wa nini, basi?"

"Nachunguza vitu. Singa, kwa mfano. Jinsi zinavyonyonya unyevu."

Kondo alijitwika lile sanduku begani, akamtazama shemeji yake kwa huruma ya mzaha. "Yaani umekaa Ulaya miaka yote hiyo ukijifunza kwamba kamba ikinyeshewa inalowa?"

"Inalowa kiasi gani, shemeji. Hilo ndilo swali."

"Inalowa kiasi cha kulowa. Haya, nipe mshahara wako, nimekwisha kukujibu."

Kuanzia siku hiyo Kondo hakumwita jina jingine ila Mganga wa Kamba, na kambi nzima ikalipokea jina hilo.

Chama cha wenye mashamba kilikuwa kimefungua maabara ndogo mjini Kilosa, nyumba ya vyumba vitatu isiyo mbali na mto Mkondoa, na hapo ndipo Filipo alipopanga vyombo vyake. Alitundika uzi mmoja wa singa kwenye springi nyembamba ya kioo, akaiingiza springi ndani ya bomba refu la kioo, akaondoa hewa yote, kisha akaruhusu mvuke wa maji uingie kidogo kidogo. Singa ilipokunywa mvuke ikawa nzito, springi ikavutika, naye akiwa ameinama kwenye darubini ndogo aliuona uzi ukishuka kwa kiasi ambacho jicho tupu lisingekijua. Baadaye aliuondoa mvuke na kuutazama uzi ukipanda. Haukurudi kwa njia ile ile. Katika kukauka, singa ilibaki na maji mengi kidogo kuliko yale iliyokuwa nayo ilipokuwa ikilowa, hata kama hewa ilikuwa ile ile. Kwa lugha yake ya kazi, singa ilikuwa na kumbukumbu: hali yake ya leo ilitegemea ilikotoka jana.

Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufuta meza kabla na baada ya kazi, na asiyesema neno ambalo hajalipima. Hakuoa. Mama yake, Teresia, alipomuuliza, alijibu kwamba bado anazoea mazingira, na akaendelea kuyazoea kwa miaka mingi.

Kila mwisho wa mwezi mashamba ya wilaya yalimpelekea kila moja kicha cha singa. Vingine vilifika ndani ya magunia, vingine vimefungwa kwa kamba tu. Vya Mgogozi vililetwa na mtu yeyote aliyekuwa akija sokoni, vikiwa vimeviringishwa katika kanga safi. Naye Filipo alivipima vyote kwa haki ile ile. Katika miaka ile aligundua kwamba singa za Mgogozi zilinyonya unyevu kidogo kuliko za mashamba yote mengine, na kwamba zilipokauka zilikaribia sana kurudi zilikotoka. Alirudia vipimo. Alibadilisha springi. Alishuku darubini, kisha akajishuku mwenyewe. Tofauti ilibaki. Mwishowe aliandika makala, akaeleza kwamba huenda ni udongo mweusi wa bonde lile, na jarida moja la Ulaya likaichapisha. Ilikuwa makala iliyompa jina miongoni mwa watu wachache duniani walioshughulika na mambo hayo, na katika moyo wake aliona si bure kwamba jina hilo lilitoka katika ardhi alikozikwa baba yake.

Baadaye mambo yakabadilika kwa haraka. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia katika masoko ya nje, bei ya singa ikaporomoka, na mwaka ule wa Azimio la Arusha mashamba mengi yakawekwa mikononi mwa umma. Wenye mashamba wakaondoka, na chama chao kikaondoka nao. Hakuna aliyeifunga maabara ya Kilosa kwa tangazo. Ilikosa dawa, ikakosa mafuta ya jenereta, kisha barua ikaja kwamba Daktari Lupakisyo anahamishiwa Dar es Salaam, katika kitengo cha mipango cha shirika lililopewa mashamba kadhaa, kwa kuwa ni mtu anayejua hesabu.

Alifungasha vyombo vyake kwa pamba ile ile. Kitengoni alipewa meza dirishani na mkuu aliyeitwa Bwana Gabrieli, mtu mnene, mwerevu, aliyechoka, aliyemwambia siku ya kwanza, "Daktari, hapa hatuna darubini. Tuna bei. Zitazame hivyo hivyo."

Akazitazama. Kwa miezi alizichora bei za singa za soko la London, wiki kwa wiki, tangu kabla ya vita, na polepole akaona kitu kilichomfanya asahau kula. Bei ilipanda na kushuka kama molekuli ya maji inayopapasa njia ndani ya singa, ikisukumwa huku na huku na vitu isivyoviona. Hesabu aliyoitumia Kilosa ilikubali kutumika hapa, karibu bila kubadilishwa. Hivyo mtu aliyedhani ameachishwa sayansi alijikuta ndani yake tena, kwa mlango wa nyuma, na kwa muda alikaribia kuwa na furaha.

Lakini swali lake la zamani lilimfuata. Singa zilikuwa na kumbukumbu. Je, bei nazo zinakumbuka? Ikiwa zinakumbuka, basi bei iliyoanguka mno ina deni la kupanda, na shamba linaloumia leo linafaa kusubiriwa. Ikiwa hazikumbuki, hakuna la kusubiri. Alilichunguza swali hilo kwa miaka miwili, kwa kila njia aliyoijua na nyingine alizozibuni mwenyewe, akitamani kupata jibu la kwanza. Alipata la pili. Bei ya leo haikujua chochote kuhusu bei ya jana. Ingeweza kupanda, ingeweza kushuka, na kuanguka kwake kwa zamani hakukuwa ahadi.

Mwaka wa sabini ulipokuwa ukiisha, wakubwa waliamua kwamba shirika haliwezi kuyalisha mashamba yake yote. Idadi ya yatakayobaki ilikwisha kuamuliwa. Kilichotakiwa ni kujua yapi, na kazi hiyo akapewa Filipo, kwa kuwa hakuwa na chama cha watu nyuma yake na hesabu zake zilikuwa safi. Alipima umri wa mkonge, hali ya mashine, umbali wa reli, na ubora wa singa zifikapo bandarini, ambao aliukadiria kwa vipimo vyake vya Kilosa, kwa maana singa zinazolowa njiani hushushwa daraja. Mgogozi ilikuwa na mashine kuukuu na mkonge uliozeeka. Ilistahili kufungwa kwa kila kigezo isipokuwa kimoja: singa zake hazikunyonya unyevu. Kigezo hicho kiliitoa chini ya mstari wa kufungwa na kuiweka juu yake kwa unene wa kucha. Shamba la Ng'ambo-ya-Mto, lililokuwa likifuata, likabaki chini. Filipo aliirudia hesabu ile mara nyingi kuliko nyingine zote, akiogopa kwamba mapenzi yameuingilia mkono wake, na kila mara ilitoka vile vile. Aliikabidhi ripoti akiwa na amani ambayo hakuwa ameijua tangu Kilosa.

Wiki chache baadaye mama yake alifariki. Alisafiri kwa treni, akamzika Mgogozi, na akakaa mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo, watu walipokwisha kula na vyombo vinakusanywa, Mzee Yeremia, aliyekuwa mnyapara wa chumba cha brashi, ambamo singa kavu huchanwa, kabla ya macho yake kuingia ukungu, alimgeukia.

"Daktari, twasikia mashamba yatafungwa. Mimi Rungwe siijui tena, na wewe hujapata kuijua kabisa. Sisi tulio hapa hatuna kwingine. Kama kuna neno, bora litoke kwako."

Filipo aliwatazama. Kulikuwa na watu waliomlea, waliomchapa alipoiba miwa, waliomzikia baba yake wakati hayupo na sasa mama yake yeye akiwepo. Alijua kwamba ripoti haijatangazwa na kwamba si haki yake kuitangaza. Hata hivyo alisema, kwa mara ya kwanza maishani mwake, neno ambalo halikuwa lake kulisema.

"Mgogozi haitafungwa. Singa zenu hazinyonyi unyevu kama za wengine. Nilizipima miaka yote ile niliyokuwa Kilosa. Hizo ndizo zitakazolibeba shamba."

Kuna aliyesema alhamdulillahi, kuna aliyesema Mungu ni mwema, na Mzee Yeremia aliinamisha kichwa. Raheli aliketi kwenye mkeka, akajifuta mikono kwa upande wa kanga, na uso wake, uliokuwa umekauka kwa kulia, ukafunguka.

"Basi ile kazi yetu haikupotea."

"Kazi gani, dada?"

"Mwambie," Kondo alidakia. "Mwambie jinsi nilivyokuwa nikilala njaa. Kila mwisho wa mwezi mke wangu haonekani, nikiuliza naambiwa yuko na singa za Mganga wa Kamba. Nikadhani nimeoa kumbe nimeazima."

Watu walicheka, kwa sababu siku hiyo kucheka kulikuwa kumeruhusiwa tena.

"Hizo singa tulizokuwa tunakuletea," Raheli alisema. "Ulidhani zinatoka hivyo hivyo kwenye korona? Nilikuwa naenda mwenyewe kuchagua majani, yale ya katikati, ya mkonge usiozeeka, kule darajani. Tukizitoa tunaziosha kwa maji ya mvua mpaka utelezi wote unaisha. Tunazianika kivulini zisiungue. Halafu Domina na mimi tunazichana kwa mkono, uzi mmoja mmoja, ulio mbaya tunautupa."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Hata mwezi ule niliojifungua, Domina alifanya peke yake. Wewe umetoka Ulaya, wenzako wanakutazama, halafu singa za kwenu ndizo zije na nyama za majani, zinanuka? Tungeuweka wapi uso?"

Filipo alikuwa ameishika bilauri ya maji, akaiweka chini taratibu. Aliuelewa mwisho wa jambo kabla dada yake hajamaliza sentensi. Utelezi ule, utomvu unaobaki juu ya singa zisizooshwa vizuri, ndio unaokunywa maji kuliko singa zenyewe. Hakukuwa na udongo mweusi wa ajabu. Kulikuwa na wanawake wawili na pipa la maji ya mvua. Mashamba mengine yalimpelekea singa jinsi zilivyotoka, kwa kuwa hayakumpenda.

"Shemeji," Kondo alisema, "mbona umenyamaza kama mtu aliyemeza mwiba?"

"Nawashukuru," Filipo alisema. "Nilikuwa sijui."

Asubuhi yake alikwenda peke yake penye kamba za kuanikia, akachukua singa huku na huku bila kuchagua, akigeuzia uso pembeni kila alipounyoosha mkono. Alipofika Dar es Salaam aliomba chumba katika idara ya kemia ya chuo kikuu, akalifungua sanduku lake, na akatundika uzi wa kwanza. Wakati wote ule aliomba, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuomba sana, kwamba uzi ule, ijapokuwa haukuoshwa, usishuke sana. Ulishuka. Ulipita alama aliyoizoea, ukaendelea kushuka, ukasimama pale ambapo singa za shamba jingine lolote zingesimama. Alipima nyingine, na nyingine. Singa za Mgogozi zilikuwa singa tu.

Alimwandikia mhariri wa lile jarida kwamba makala yake si sahihi, na hilo halikumtaabisha kama alivyodhani. Kisha akaingia ofisini kwa Bwana Gabrieli.

"Ripoti imekwisha kupita," Gabrieli alisema. "Nani kalalamika?"

"Hakuna aliyelalamika. Hesabu ya Mgogozi si ya kweli."

"Daktari, keti kwanza. Unajua ni hesabu ngapi humo ndani zisizo za kweli? Mameneja wengine wametuletea tani walizoziota."

"Hizo sizijui. Hii naijua."

"Mgogozi si ndiko kwenu?"

"Ndiko."

"Na mama umemzika huko juzi juzi."

"Ndiyo."

"Basi mimi sijakusikia. Toka nje, ukapate chai, na ukirudi uzungumze jambo jingine. Nakwambia hivi kama ndugu yako."

Filipo hakutoka. "Nikinyamaza, wanaofungiwa ni Ng'ambo-ya-Mto. Hawa hawakuosha singa zao. Hilo ndilo kosa lao pekee."

"Na wale wako kosa lao nini?"

Alisimama mbele ya meza ya mkuu wake akilitafuta jibu kwa uaminifu, kama alivyolitafuta jibu la kila swali, na hakulipata. Gabrieli alishusha pumzi, akaivuta karatasi, akamwambia aandike marekebisho yake na atie sahihi mwenyewe, kwa sababu yeye Gabrieli hataki kulikuta jina lake hapo siku ya kiyama.

Filipo alitia sahihi. Kisha akaomba ruhusa, akapanda treni, ili habari isiwatangulie watu wake. Aliwakuta Raheli na Kondo uani, Raheli akipepeta mchele. Aliwaeleza wamesimama, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti tena alipokwisha kuanza kusema.

"Ulisema haitafungwa," Raheli alisema. "Uliyasema hayo kwenye matanga ya mama, mbele ya watu."

"Nilikosea kusema."

"Kwani sisi tumefanya nini?"

"Hamkufanya kitu kibaya, dada. Ila singa mlizoniletea hazikuwa singa za shamba."

"Zilikuwa za shamba. Zilitoka wapi? Nilizitoa nyumbani kwangu?"

"Namaanisha hazikuwa kama nyingine."

"Ndiyo. Zilikuwa nzuri." Aliuweka ungo chini. "Shamba hili linaweza kutoa singa nzuri namna ile, na wewe unajua linaweza, kwa sababu uliziona. Halafu umekwenda kuwaambia kwamba haliwezi."

Filipo alifungua kinywa kumweleza kwamba gharama ya kuosha shamba zima kwa maji ya mvua, kwa mikono ya wanawake, uzi kwa uzi, haitoki katika bei yoyote. Akaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika, akakifunga. Kondo alikuwa akitazama mikono yake, iliyojaa grisi ya korona, kana kwamba ameiazima na inatakiwa irudishwe.

Mgogozi ilifungwa kabla ya mvua za vuli. Korona iling'olewa ikapelekwa penginepo. Waliokuwa na makwao walikwenda makwao, na wasiokuwa nako walipakiwa na vyombo vyao mpaka katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mikumi, karibu na mpaka wa hifadhi, wakapewa majembe na ahadi ya kisima. Raheli na Kondo walikuwa miongoni mwao, na Mzee Yeremia pia, ambaye hakumaliza msimu wa kwanza.

Filipo aliendelea na kazi. Watu wa ofisini walimheshimu zaidi kuliko mwanzo, na heshima hiyo ilimkalia kama nguo ya mtu mwingine. Aliandika kuhusu bei, akaalikwa kwenye mikutano, akaeleza kwa sauti yake ya chini kwamba hesabu inaweza kupima upana wa hatari lakini haiwezi kutaja siku yake. Halafu, katika mwaka wa sabini na tatu, bei ya singa ilianza kupanda. Ilipanda mwezi hata mwezi, ikapita kiwango cha miaka ya Uhuru, ikaendelea, mpaka mwaka uliofuata ikafika mahali ambapo hata shamba bovu kuliko yote lingepata faida. Hakuna aliyemlaumu. Katika ripoti yake mwenyewe alikuwa ameandika kwamba jambo kama hilo linawezekana, ijapokuwa kwa nafasi ndogo sana. Aliurudia ukurasa ule na kuuona uko sahihi kabisa. Mgogozi wakati huo ilikuwa pori, na mkonge wake umetoa milingoti ya maua na kufa.

Alikwenda Mikumi mwishoni mwa mwaka wa sabini na nne, katika ile njaa, akiwa na mfuko wa unga wa njano na sukari kidogo. Hakuwa ameandika kwamba anakuja. Watu wa operesheni ya vijiji walikuwa wameleta familia nyingine nyingi kijijini, nyumba zilisimama kwenye mistari iliyonyooka, nyingi hazijaezekwa, na mahindi yalikuwa mafupi na yamekunjamana. Alimkuta Kondo ameketi mlangoni, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nyati alikuwa amemkuta shambani alipokuwa akilinda.

"Karibu, Daktari," Kondo alisema.

Filipo alingoja lifuate jambo jingine, utani wowote, hata tusi. Halikufuata. Kondo alisogea ili ampishe aingie.

Raheli alikuwa amekonda, na nywele zake zimeingia mvi kwa mbele. Aliitikia shikamoo yake, akaupokea unga kwa mikono miwili, akashukuru, akapika, akamwekea. Yeye hakula pamoja naye. Alisema alikwisha kula, na Filipo alijua si kweli.

"Bei imepanda," Raheli alisema. "Tumesikia redioni."

"Imepanda."

"Uliijua?"

"Hapana, dada. Hakuna aliyeweza kuijua."

"Na kama ungeliijua?"

Alifikiri. Alitamani kusema kitu cha kumpa faraja, na angeweza, kwa maana hakuna ambaye angemkagua. "Kama ningeliijua, ningeiandika. Ila singeweza kuijua. Singa zenyewe bado zingekuwa zile zile."

Raheli alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda sokoni kwa kuwa jua limekwisha kuzama. "Wewe ni mkweli tangu utoto," alisema. "Mama alikuwa akikusifia hilo." Akazoa vyombo.

Alipotaka kuondoka, Filipo alielekea kwenye njia kuu ya kijiji, ile inayopita mbele ya ofisi ya mwenyekiti, ambako wanaume walikuwa wameketi kwenye gogo. Wengi wao alikuwa akiwajua. Mmoja alikuwa amesimama kumtazama vizuri.

"Usipite huko," Raheli alisema nyuma yake.

"Kwa nini? Nitawasalimu tu."

"Huko wamekaa wa Mgogozi." Alimshika kiwiko, akamgeuza. "Wengine wamezika watoto mwaka huu, Filipo. Wanajua ni nani aliyetia sahihi. Sitaki mtu akuambie neno, na sitaki nilazimike kulijibu."

Alimpitisha kwa nyuma, katikati ya mahindi. Yeye alitangulia, akiyasukuma majani kwa mikono, mgongo wake umeinama kidogo, na Filipo akafuata akiubeba mfuko wake mtupu. Walipofika mahali ambapo mahindi yanakoma na reli ya kwenda Mikumi inaonekana, alisimama.

"Ukija tena, shukia Mikumi, usije mpaka huku. Nitumie mtu. Nitakufuata stesheni, tutazungumza."

"Utakuja?"

"Nitakuja. Wewe ni mdogo wangu." Alimrekebisha kola ya shati, akaitazama reli pande zote mbili. "Haya, nenda kabla hawajatoka pale gogoni. Pita upande huu wa tuta, upande ule unaonekana."

Filipo alishuka, akapita upande aliouonyeshwa.